Tajiri wa Kasongo: Hamed bin Muhammed baina ya Biashara, Utawala na Ubalozi

Katika watu wote waliopata kukaa Kasongo ya Maniema na kuacha jina, hakuna aliyeandikwa zaidi ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia humjua kwa lakabu ya Tippu Tip. Wala hakuna ambaye habari zake zimekhitilafiana kuliko zake, kwa kuwa kila aliyemwandika alimtazama kwa upande uliomgusa yeye. Wasafiri wa Ulaya walimwona mwenyeji mkarimu au mshirika mdanganyifu, kwa kadiri walivyofaulu au kushindwa katika safari zao. Maofisa wa Kibelgiji walimwona adui aliyevaa nguo za rafiki. Watu wa Unguja walimwona tajiri aliyelitukuza jina la ukoo wake. Na watu wa Maniema, ambao ndio waliostahili kusema kwanza, hawakuulizwa. Nataka kutazama hapa jambo moja, nalo ni namna mtu aliyeanza kwa nguo na shanga za mkopo alivyofikia kuwa mtawala wa nchi, kisha mjumbe baina ya Sultani wa Unguja na Mfalme wa Wabelgiji, na sababu iliyofanya jengo lote hilo liporomoke katika muda usiotimia miaka minne tangu mwenyewe alipoondoka. Rai yangu ni kuwa Hamed hakuacha biashara hata siku moja: utawala ulikuwa njia yake ya kupata pembe kwa gharama ndogo kuliko ya sokoni, na ubalozi ulikuwa njia yake ya kuilinda mali ile ile zilipokuja nguvu kubwa kuliko bunduki zake. Alichomiliki hakikuwa ardhi, bali watu na ahadi zao, na ahadi iliyofungwa kwa faida hufunguliwa na faida.

Alizaliwa Unguja, yamkini mwaka 1837, katika ukoo wa Kiarabu wa asili ya Omani uliokwisha kuchanganya damu na watu wa mrima, hata ngozi yake ilikuwa nyeusi, na wageni waliomwona walilitaja jambo hilo pamoja na ndevu zake, usafi wa kanzu yake na adabu ya mazungumzo yake. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa Unyanyembe, aliyeoa katika nyumba ya watemi wa huko, na kwa ndoa hiyo akapata jaha ambayo mali peke yake isingempatia. Kijana Hamed aliona mapema, basi, kuwa katika bara ujamaa ni rasilmali kama ilivyo rasilmali fedha. Alianza akiwa na umri wa miaka 12 kwa safari fupi za sandarusi karibu na pwani. Na alipokaribia miaka 18 akafuatana na baba yake hadi Tabora, kisha akavuka Ziwa Tanganyika kuingia Urua, ng'ambo ya magharibi, akiuza na kununua kwa jina lake mwenyewe.

Asiyeufahamu mkopo wa Unguja hawezi kumfahamu Hamed. Tajiri wa Kihindi mjini alitoa merikani, kaniki, shanga, waya za shaba, bunduki na baruti kwa bei iliyopandishwa tangu dukani, kwa ahadi ya kulipwa pembe za ndovu baada ya miaka miwili, mitatu, au zaidi. Na mwenye kukopa aliondoka akijua kuwa kila siku ya njiani inakula sehemu ya faida yake. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa kiasi cha frasila 2, yaani ratili 70. Alihitaji posho yake. Watemi wa Ugogo walitaka hongo kabla ya kuruhusu watu wateke maji. Na wapagazi wengine walitoroka na mizigo. Pembe iliyonunuliwa karibu na pwani ilikuwa ghali, kwa sababu kila mtu aliijua bei yake. Pembe iliyonunuliwa mbali ilikuwa rahisi, lakini njia ya kuifikia ilikuwa ghali. Hesabu hiyo ndiyo iliyowasukuma wafanyabiashara magharibi mwaka hata mwaka, kwani Ulaya na Marekani zilitaka pembe kwa vitufe vya piano, tufe za biliadi, vitana na vipini vya visu, wala hazikushiba. Mtu aliyemdhamini Hamed kwa mali nyingi alikuwa Taria Topan, Mwismaili mwenye jina kubwa katika Unguja, ambaye baadaye alishika forodha ya Sultani. Na amana iliyokuwapo baina ya wawili hawa ilidumu miaka mingi kuliko urafiki wa Hamed na mfalme yeyote.

Katika mwaka 1867, kusini ya Ziwa Tanganyika, Hamed alipigana na Nsama, mtawala wa Itabwa, ambaye misafara ya Waarabu ilikuwa ikimwogopa. Kwa maelezo yake mwenyewe alijipatia pale frasila 1,950 za pembe, ambazo kwa vipimo vya sasa ni kiasi cha tani 31. Hakuzinunua. Nadhani hiyo ndiyo siku mfanyabiashara alipoonja siasa, kwa kuwa aliona dhahiri kuwa pembe za miaka mingi, zilizokusanywa na mtawala mmoja kama ada ya nchi yake, zinaweza kubadili mikono kwa vita vya siku chache, bila kaniki wala ushanga. Mwaka huo huo alikutana na David Livingstone, mgonjwa na mwenye upungufu wa vitu, akamsaidia chakula na barua za kumjulisha kwa wenzake. Na desturi hii ya kuwafaa Wazungu waliopita njiani mwake hakuiacha tena, iwe kwa ukarimu, iwe kwa kuona mbali, au kwa yote mawili, kwani katika tabia yake hayo hayakutengana.

Safari yake kubwa kuliko zote ilianza mwaka 1870 au karibu yake, na hakurejea Unguja ila mwaka 1882. Katika safari hiyo, alipokuwa katika nchi zilizo baina ya Urua na mto Lomami, alifanya tendo ambalo kwangu ni kubwa kuliko vita vyake vyote. Alikuwa amesikia kwamba Kasongo Rushie, mtawala mzee wa Utetela, alipata kunyang'anywa dada zake zamani katika vita, wakapelekwa mbali, na habari zao zikapotea. Hamed akajitangaza kuwa mjukuu wa mmoja wa wanawake hao. Alitanguliza wajumbe, akataja majina aliyoyaokota kwa wasimulizi, akafika na watu wake na bunduki zake kama kijana anayerudi kwa wajomba. Na mzee akampokea, akamkabidhi nchi, na pembe zikaanza kuletwa kama haki ya mtawala.

Hamed mwenyewe aliisimulia hila hii bila haya. Tusiichukulie kama ulaghai mtupu, maadamu ndani yake mna elimu ya siasa: alitambua kuwa katika nchi ile mamlaka hupita katika nasaba, na kuwa mgeni mwenye bunduki 500 ataogopwa, lakini mjukuu mwenye bunduki 500 atatiiwa. Tusisahau pia upande wa pili. Watu wa Utetela walimpa mjukuu wa dada yao kile ambacho kwa ada hupewa mtoto wa dada, nao wakapata badala yake bwana mwenye kuhesabu frasila. Na kwa njia ile waliyoifungua kwa ujamaa zikapita baadaye minyororo iliyowachukua wengi wao. Msomaji wa habari hizi akikosa kuuona uchungu huo, amesoma nusu.

Maniema aliyoifikia Hamed haikuwa nchi iliyofunikwa. Njia kutoka Mtoa, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ilikwisha kufunguliwa na wafanyabiashara waliomtangulia, ikapita Kabambare katika nchi ya Wabangubangu, ikafuata upande wa mto Luama hadi Kasongo na Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba. Livingstone alifika Kabambare mwaka 1869, na vidonda vya miguu vikamzuia pale kwa miezi mingi ya mwaka 1870, akiwasikiliza wafanyabiashara wakihadithiana vijiji walivyovichoma. Kisha akaenda Nyangwe, na tarehe 15 Julai 1871 akaona kwa macho yake watu wa mfanyabiashara Dugumbi wakifyatua bunduki katikati ya soko lililojaa wanawake, mamia wakafa, wengine kwa risasi na wengine kwa maji ya mto walimojitupa. Hamed hakuwapo siku ile. Lakini alipojenga makao yake Kasongo, kiasi cha mwaka 1875, karibu na jamaa yake Muhammed bin Said aliyeitwa Bwana Nzige, alijenga juu ya hofu iliyokwisha kupandwa na wengine, na hofu ile ilimrahisishia kazi.

Kasongo ilikuwa jambo la namna nyingine katika bara la wakati ule. Ilikuwa upande wa mashariki wa Lualaba, juu ya Nyangwe, mahali ambapo njia ya Kabambare na ziwa inakutana na njia za Utetela na Lomami. Na Hamed aliifanya makao ya nchi nzima. Aliweka wakuu wake katika vituo, akaamua mashauri ya wenyeji, akalimisha mashamba makubwa kuzunguka miji ili watu wengi namna ile wapate kula, akasafisha njia, akataka windo la ndovu liwe kwa idhini yake. Mpunga uliota vizuri sana katika udongo ule, na mpaka leo wali ni chakula cha fahari cha Kasongo. Daktari Sidney Hinde, Mwingereza aliyeingia mjini pamoja na jeshi la Dola Huru ya Kongo mwaka 1893, aliandika kwa mshangao vitu walivyovikuta: vitanda vya mti wa kuchongwa vyenye magodoro ya hariri na vyandarua, mishumaa, viberiti, vikombe vya fedha na bilauri, na nje ya nyumba mashamba ya mpunga, kahawa, machungwa, mapera na mananasi. Kila kimoja katika vyombo vile kilitoka pwani juu ya kichwa cha mtu, kwa mwendo wa miezi, katika njia ipitayo Kabambare. Na wengi wa waliovibeba hawakuchagua safari.

Je, hii ilikuwa dola? Baadhi ya wanataarikhi wamesema ndiyo, wakitaja maliwali, hukumu, kodi na barabara. Mimi nasita. Dola hutaka kitu kinachobaki mtawala akitoka: kanuni, hazina, mrithi anayekubaliwa na wote. Katika nchi ya Hamed hazina ilikuwa deni la Unguja lililogeuzwa. Maliwali walikuwa jamaa, washirika, na watumwa waliopanda cheo. Na kila mmoja wao alikuwa na biashara yake, na watu wake, na bunduki zake. Rumaliza, yaani Muhammed bin Khalfan el-Barwani, alikuwa mshirika wake upande wa Ujiji, lakini mshirika si liwali. Ngongo Lutete, aliyekuwa mateka na akapanda kwa ushujaa wake hata akawa mkuu wa nchi za Lomami, alimtii Hamed kama mtu anavyomtii aliyemwinua. Utii wa namna hiyo hauhamishiki kwa mtoto wa bwana kama shamba linavyorithiwa.

Ustadi wake katika mapatano ulikuwa wa hali ya juu. Mwaka 1874 alimsaidia msafiri Verney Lovett Cameron. Mwaka 1876 akaja Henry Morton Stanley, akitaka kuufuata mto Lualaba mpaka mwisho wake, jambo ambalo hakuna msafara wa pwani uliolithubutu. Hamed hakukubali kwa maneno matamu. Aliandikiana naye mkataba: riale 5,000, kwa safari ya vituo 60, kila kituo mwendo wa saa 4, na muda usiozidi ule uliotajwa. Waliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876, wakaingia msitu mkubwa, ndui na njaa vikawapunguza, na kabla mwaka haujaisha Hamed akarudi nyuma, wakiwa wamepatana upya juu ya malipo. Stanley akateremka mto hata Boma, akafika mwezi wa Agosti 1877. Katika tarikhi aliyoiandika uzeeni, Hamed alilalamika kuwa zawadi alizoahidiwa hazikufika kama zilivyotajwa. Malalamiko hayo ni ya mfanyabiashara, na ni ya haki. Ila hasara yake ya kweli ilikuwa nyingine, kubwa mno kuliko riale zote zile. Kwa kumsindikiza Stanley katika hatua zile za kwanza, aliufungua mlango wa magharibi wa nyumba yake, na kwa mlango ule, baada ya miaka michache, zilipanda mashua za moto za Leopold, Mfalme wa Wabelgiji.

Aliporudi kuelekea pwani alipita kwa Mirambo, mtawala wa Unyamwezi, adui wa Waarabu wa Tabora kwa miaka mingi, ambaye vita vyake vilifunga njia ya pembe. Hamed akapatana naye. Wakapeana zawadi, na mali yake ikapita salama. Waarabu wa Tabora hawakupendezwa, maana baadhi yao waliona vita na Mirambo kuwa ni heshima yao. Yeye aliona msafara uliokwama kuwa ni hasara. Hapa naona akili yake safi kabisa, na sijui kosa la kumtia.

Lakini mwaka 1882 dunia aliyoirudia haikuwa ile aliyoiacha. Soko la watumwa la Unguja lilikwisha kufungwa kwa mkataba wa 1873. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alikuwa akitazama jumuiya za Leopold zikiingia bara kutoka mashariki na magharibi. Na akamtaka Hamed arudi Maniema kuishika nchi kwa jina lake. Hamed akarudi mwaka 1883, safari hii akiwa na kazi mbili, yake na ya Sultani, akafika maporomoko ya Wagenya, mahali ambapo leo ni Kisangani na ambapo Stanley alikuwa ameweka kituo mwishoni mwa mwaka ule ule. Basi wakakaa pale mahasimu wawili wakipelekeana salamu, kila mmoja akidai mto.

Shauri hilo halikuamuliwa mtoni. Mkutano wa Berlin, uliofunguliwa Novemba 1884 na kumalizika Februari 1885, haukumwalika Barghash. Na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 yalimbakishia katika mrima ukanda wa maili 10 tu. Mwaka huo huo, Hamed akiwa hayuko, watu wake walipigana na kituo cha maporomoko, na maofisa wa Dola Huru ya Leopold wakakiacha. Hamed alipofika Unguja na kuhudhuria kwa Sultani, alimkuta mtu aliyevunjika: Barghash alimfahamisha kuwa hana tena tamaa ya bara, kwani hata kisiwa chenyewe anakihofia. Nafikiri hakuna maneno yaliyobadili maisha ya Hamed kama hayo. Mtu aliyepeperusha bendera ya Sultani katika Lualaba aliambiwa na mwenye bendera kwamba haina nguvu.

Ndipo Stanley akaja mara ya pili, Februari 1887, akiwa njiani kwenda kumwokoa Emin Pasha, liwali wa jimbo la Ikweta katika kusini ya Sudani, aliyekatiwa njia na vita vya Mahdi. Kwa jina la Leopold alimpa Hamed cheo: uliwali wa maporomoko ya Stanley, yaani yale yale ya Wagenya, mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na ruhusa ya kufanya biashara yake kama kawaida, naye apandishe bendera ya Dola, azuie uwindaji wa watumwa kuteremka mto, akubali ofisa wa Kizungu akae naye, na kwa mapatano ya mbali ampatie Stanley wapagazi 600. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 24 Februari, na siku ya pili yake Hamed akapanda meli ya Madura pamoja na watu wake karibu 100, wakazunguka kwa Rasi ya Tumaini Jema mpaka Banana, kwenye mlango wa Kongo, kisha wakaupanda mto. Mtu aliyekwenda Maniema maisha yake yote kwa miguu, kwa Ugogo na Ujiji, sasa aliifikia kwa kuizunguka nusu ya Afrika baharini, akiwa mtumishi wa mfalme ambaye hakumwona.

Wengi wamemlaumu kwa kutia sahihi ile, na kumwita msaliti wa wenzake. Mimi siafiki lawama hiyo kwa namna inavyosemwa. Vita vilikuwa vimekwisha kutajwa Brussels na London; baruti yote ya Maniema ilipita katika bandari ambazo Wazungu walizishika au walizizunguka kwa manowari; na mtu aliyehesabu vizuri aliona kuwa njia ya ziwani ikifungwa, Kasongo itabaki na bunduki zisizo na risasi. Hamed alinunua wakati. Kosa lake, ikiwa ni kosa, ni kudhani kuwa upande wa pili ulikuwa ukiuza. Leopold naye alikuwa akinunua wakati, na kwa kuwa hakuwa na askari wa kutosha mwaka 1887, pauni 30 kwa mwezi ilikuwa bei ndogo ya kupewa miaka 5 ya amani huku akiunda mashua na kuandikisha jeshi.

Habari za Yambuya, kwenye mto Aruwimi, zimeandikwa mpaka zikachosha, nami nitazipitia kwa haraka. Stanley alimwacha Major Barttelot na kikosi cha nyuma kingojee wapagazi wa Hamed; walichelewa; Barttelot na mwenzake Jameson walisafiri kumsihi Hamed, mmoja wao akafika hata Kasongo; mwishoni wakapewa watu 400 chini ya Muni Somai; na tarehe 19 Julai 1888 Barttelot akapigwa risasi na Mmanyema aliyeitwa Sanga. Hamed alijitetea kuwa baruti waliyoahidiwa wapagazi haikuletwa, na mkataba ulikuwa na pande mbili. Stanley akamtupia lawama zote, kisha akamshitaki Unguja, akizuia pauni 10,000 za Hamed zilizokuwa mikononi mwa nyumba ya Topan. Daawa hiyo haikufika hukumu, lakini ilimlazimu Hamed kuondoka maporomoko mwaka 1890, akiacha uliwali mikononi mwa mpwa wake Rashid na Kasongo mikononi mwa mwanawe Sefu. Alifika Unguja katikati ya 1891, baada ya ugonjwa njiani. Maniema hakuiona tena.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 uliruhusu Dola kutoza ushuru na ukakaza uzuiaji wa silaha. Amri za Leopold za mwaka 1891 zikafanya pembe na mpira kuwa mali ya Dola, na hapo wafanyabiashara wa Maniema wakawa, kwa kalamu moja, wezi wa pembe walizozikusanya wenyewe. Mwaka 1892 Ngongo Lutete alihamia upande wa Dola. Sefu akamdai kama mtu anavyodai mtumwa aliyetoroka, akavuka Lomami na jeshi lake, akashindwa mwezi wa Novemba. Na maofisa wawili wa Dola waliokuwa wakikaa Kasongo, Lippens na De Bruyne, wakauawa mjini. Dhanis, kamanda wa jeshi la Dola, akaitwaa Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Askari wengi waliobomoa Kasongo walikuwa wa Ngongo Lutete, yaani walijifunza vita katika shule ya Hamed, wakijua njia, vivuko na maghala. Sefu alikufa kwa jeraha mwezi wa Oktoba. Rumaliza, aliyekuja kutoka Ujiji kuwasaidia, alipigana vikali kuliko wote, lakini tarehe 25 Januari 1894 Kabambare ikaanguka, naye akakimbilia nchi ya Wajerumani.

Mashujaa hawakukosekana katika vita vile, wala silaha hazikukosekana mwanzoni. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuwakusanya Sefu, Rumaliza, Mwinyi Mohara wa Nyangwe na Kibonge wa Kirundu katika shauri moja. Na mtu huyo alikuwa Unguja, akijibu mashitaka na kuhesabu mashamba yake. Hamed aliwaunganisha watu hawa kwa mikopo, ndoa, heshima ya umri na hofu. Alipoondoka, kila mmoja alipigania ghala lake. Jambo hili ndilo linalonifanya niseme kuwa ujenzi wake haukuwa dola. Wenyeji nao, wale ambao kwa jina walikuwa raia zake, hawakuona sababu ya kumfia mtu aliyewachukulia watoto. Baadhi yao waliisaidia Dola kwa furaha, bila kujua wanayemkaribisha.

Miaka yake ya mwisho Hamed aliipitisha katika nyumba yake ya Mji Mkongwe, tajiri bado, mwenye mashamba ya karafuu na watumwa wengi, ingawa kesi juu ya mali ya ushirika zilimfuata. Huko, kwa ushawishi wa Heinrich Brode wa ubalozi mdogo wa Kijerumani, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu. Brode akazichapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mnamo 1902 na 1903, na W. H. Whiteley akazitoa tena katika jarida la Kamati ya Kiswahili mwaka 1958. Kitabu hicho ni hazina ya lugha yetu. Ni pia kitabu chenye ubaridi: pembe zina uzito na bei, mikutano ina majina ya waliohudhuria, lakini mateka wanatajwa kama msafiri anavyotaja mvua ya jana. Alikufa mwezi wa Juni 1905.

Na Maniema? Kiswahili kilicholetwa na misafara kilibaki Kasongo na Kabambare, kikawa lugha ya soko, ya kanisa na ya baraza. Uislamu ulibaki, ukapita katika miaka ya kudharauliwa na serikali ya Kibelgiji, na ungali imani ya watu wengi wa Kasongo. Mpunga nao ulibaki. Hayo hayakuwa makusudi ya Hamed, na si haki kumshukuru kwa yote, kwa kuwa waliotunza lugha na dini walikuwa ni wale wale waliobebeshwa mizigo, wakafanya mali yao kile walichotwishwa.

Dola Huru nayo ilikalia vituo vya Hamed, ikafuata njia zake, ikataka pembe, kisha mpira, kisha wapagazi, na katika vijiji vingi ikawafanya waungwana wake wa jana kuwa machifu wa leo. Ilirithi hata udhaifu wake. Ngongo Lutete, aliyeifungulia mlango wa Kasongo, ilimpiga risasi mwezi wa Septemba 1893 kwa tuhuma ya uhaini, baada ya baraza la maofisa wachache. Na askari wake, ambao utii wao ulikuwa kwa mtu na si kwa bendera, waliasi Luluabourg mwaka 1895 na kumwua mkuu wa kituo. Mwaka 1897 uasi mwingine ukalivunja jeshi la Dhanis mwenyewe lililokuwa likielekea mto Nile. Waasi wakateremka kusini kwa nchi ya maziwa, wakishinda vikosi vilivyotumwa kuwazuia, na mwishoni mwa 1898, Hamed akiwa angali hai Unguja, waliiteka Kabambare na kuishika kwa majuma kadhaa, kabla ya Dola kuirudisha mikononi mwake kwa vita.